Makopo ya Vuria

Voi,
4 Agosti 1995

Ndugu yangu Kiema,

Salamu zako ninazo bado, maana nilizileta hadi mlangoni kwako Jumanne ukakataa kuzipokea. Nilipomaliza kuuza vitambaa sokoni Wundanyi nilipanda hadi kwako, nikabisha. Redio ilikuwa ikisema. Nilipobisha mara ya pili ikazimika. Redio haizimiki yenyewe, Kiema. Nikasimama pale na halua yangu mkononi, mtu mzima mwenye kitambi, majirani zako wakinichungulia juu ya ua, kisha nikashuka zangu.

Nimekasirika, na nimeamua kukasirika mpaka Jumapili. Baada ya hapo najua sitaweza, nitaanza kukuwaza. Tangu tumzike Nduku mwezi wa sita hujatia mguu Voi. Hilo nalielewa, mke kama yule akiondoka hata kuta za nyumba zinakuwa wageni. Lakini mtoto je? Mutindi yuko Kibwezi kwa susu yake, bibi mzaa mama, na nasikia mama mkwe wako ameshaulizia nafasi ya darasa la kwanza huko, Januari. Mtoto akianza la kwanza Kibwezi atamalizia la nane Kibwezi. Wewe ni mwalimu, unalijua hilo kuliko mimi muuza vitambaa. Nataka Mutindi arudi kwa babake kabla ya Januari. Nimesema, sizunguki.

Basi kubisha sitabisha tena. Unakumbuka mchezo wetu wa kopo, tulipokuwa darasa la tano, babako akifanya kazi reli na babangu akinichapa kila niliporudi na kaptura iliyochanika? Mmoja anaficha kopo kwenye kilima cha Mwakingali, mwenzake anapewa njia kwa maneno tu. Anatafuta peke yake, anachukua kilichomo, anaacha chake. Kutuma mtu ni marufuku, na kuuliza njia pia ni marufuku.

Nimeficha kopo kwenye mlima Vuria. Mafundi wa mlingoti wa redio walinipa lifti hadi juu, sitakudanganya kwamba nilipanda kwa miguu. Kushuka ndiko nilikoshuka kwa miguu, na goti langu la kushoto halijanisamehe. Fuata barabara ya mlingoti hadi kwenye kona ambapo mikaratusi inaisha na majani mafupi yanaanza. Hapo pana jiwe limelala kama ng'ombe. Upande wa tumboni kuna shimo, nimeliziba kwa mawe madogo. Kopo ni la mafuta ya Kimbo.

Chukua koti. Nilipokuwa pale palikuwa na jua, mara ukungu, mara manyunyu, kisha jua tena, na yote hayo kabla sijamaliza kula mkate wangu.

Mwenzako mwenye hasira,
Rashid


Wundanyi,
17 Agosti 1995

Rashid,

Nimelipata kopo. Shule zimefungwa, kwa hivyo sikuwa na kisingizio. Nilitoka nyumbani kukiwa kweupe. Nilipofika kwenye mikaratusi ukungu ukashuka nikawa sivioni hata viatu vyangu. Huyo ng'ombe wako wa jiwe nilimtambua kwa kumgonga na ugoko. Nilikaa juu yake nikangoja, ukungu ukafunguka, nikaona hadi tambarare za Voi na vumbi lenu. Kisha ukafunga tena.

Halua ilikuwa nzuri, ingawa sisimizi walinitangulia. Zile tepe nyekundu nimezirudisha ndani ya kopo, na kopo nimelirudisha shimoni. Usiweke tena vitu vya mtoto.

Mutindi hajambo. Mama mkwe aliniomba akae naye, nikaona ni vyema. Mtoto wa kike anahitaji mwanamke nyumbani. Ya Januari yataamuliwa Januari.

Kuhusu redio, betri ziliisha.

Kiema


Voi,
25 Agosti 1995

Kiema,

Betri ziliisha palepale nilipopiga hodi. Sawa.

Tepe zile nilizikata mwenyewe, nikazichoma ncha kwa kiberiti zisifumuke. Nilitaka uzipeleke Kibwezi kwa mkono wako, upate sababu ya kupanda basi. Sikujua kwamba siku hizi utepe ni tusi. Kama tumefika mahali ambapo siwezi kumpa mtoto wa Nduku utepe wa nywele, niambie nijue, niache kujipendekeza.

Na hukusema uliacha nini kwenye kopo.

Rashid


Voi,
29 Agosti 1995

Shemeji Kiema,

Nakuandikia nikiwa jikoni. Rashid yuko dukani na hajui. Barua yako imemvuruga. Jana bibi mmoja alitaka kitambaa cha sare ya shule akamkatia cha pazia, na alipolalamika akamwambia kwamba rangi zote ni za Mungu. Nikaona nimsaidie kabla wateja hawajahamia kwa jirani.

Mimi si mtu wa makopo. Nakuuliza moja kwa moja, na ukiona sina haki ya kukuuliza, choma karatasi hii. Zile tepe zilikukosea nini? Mtu hawezi kupanda mlima wote ule akapata zawadi ya mwanawe, halafu akaiacha kwenye mawe bure bure.

Namkumbuka Nduku hapa kaunta. Kila mwisho wa muhula mlipokuwa mkishuka Voi alikuwa akija kununua uzi mweusi wa kusukia nywele za Mutindi, na alikuwa akiuvuta kwa meno aone kama ni imara. Rashid alikuwa akimwambia atalipia na meno. Kila nikiona ule uzi kwenye rafu namwona yeye. Sikuwahi kukuambia hivyo matangani, kulikuwa na watu wengi.

Shemeji yako,
Mwanaesha


Wundanyi,
11 Septemba 1995

Shemeji Mwanaesha,

Sikuichoma. Nimekaa nayo wiki nzima, nimeiweka ndani ya kitabu cha hesabu cha darasa la saba, na leo nakujibu.

Kabla ya kwenda kulazwa, Nduku alimkalisha Mutindi kwenye kibao nje ya jiko akamsuka kwa huo uzi mweusi wa dukani kwenu. Alikuwa hana nguvu. Alipumzika mara nyingi, akanywa maji, akaendelea, lakini alimaliza kichwa chote. Kisha akaenda hospitali, na hakurudi.

Baada ya mazishi dada zangu walitaka kumfungua mtoto na kumnyoa, kama wengine wanavyofanya msiba ukiisha. Mutindi aliingia chini ya meza. Alisema, "Hizi ni za mama." Walipojaribu kumtoa alimwuma mmoja mkono. Wakaniachia mimi, wakarudi kwao.

Nywele ziliendelea kuota chini ya uzi. Zikaanza kushikana. Akawa anajikuna hadi panatoka damu, na shule ya chekechea wakaniandikia barua ya upole. Asubuhi moja nilimkalisha kwenye kibao kilekile, nikashika mkasi wa kukatia uzi. Hakulia, Shemeji. Angelia ningeweza. Alishika tu magoti yake, akaangalia mbele. Mkono wangu ulikataa. Nikaweka mkasi chini, nikatoka, nikaenda kukaa darasani peke yangu, na ilikuwa Jumamosi. Kesho yake nikampeleka Kibwezi.

Kwa hivyo mama mkwe hakuniomba chochote. Mimi ndiye niliyempelekea. Na unatujua sisi Wakamba. Mimi na mama mkwe hatuwezi kukaa tukatazamana, heshima hairuhusu, sembuse kuanza kujadiliana habari za kichwa cha mtoto. Nilimwacha Mutindi mlangoni na mfuko wake wa nguo. Sijui kama susu amezifungua zile nywele. Sijauliza. Nikiambiwa zimefunguliwa, nitahisi tumemzika Nduku mara ya pili. Nikiambiwa bado, nitajua mtoto anateseka kwa sababu yangu. Tepe zilinikuta hapo katikati.

Usimwambie Rashid. Atakuja na gari zima la tepe.

Kiema


Voi,
20 Septemba 1995

Shemeji,

Sitamwambia. Nilikuwa nikichambua mchele niliposoma barua yako, na mchele wote ukalowa machozi. Rashid aliuliza mbona macho mekundu, nikamwambia ni vitunguu. Hakuona kwamba sikuwa na kitunguu hata kimoja.

Ukitaka, nitapanda basi niende Kibwezi nimfungue mwenyewe. Nina mkono mwepesi, na mafuta ya nazi ninayo. Sema tu. Lakini kama ninakujua, hutaki, na nadhani hata yeye hataki. Angekuwa anataka mkono mwepesi angempa susu yake kichwa zamani.

Nitakuambia neno moja na usinikasirikie. Umejiwekea akilini kwamba mtoto wa kike anahitaji mwanamke nyumbani. Labda. Lakini mtoto yule alikuwa na mzazi mmoja amebaki, akaamka asubuhi akakuta naye anafunga mfuko wa nguo. Mimi sikuzaliwa nikijua kusuka. Mama alinifundisha kwenye kichwa cha dada yangu, na dada yangu alitembea ameharibika kichwa mwaka mzima, hadi leo ananidai. Hakuna aliyekuomba usuke vizuri, Shemeji.

Mwanaesha


Voi,
6 Oktoba 1995

Ndugu yangu Kiema,

Mwanaesha ameniamuru niache kununa. Hasemi kwa nini. Siku hizi barua zako akiziona anazichukua yeye kwanza, na mimi mwenye rafiki nasomewa salamu tu. Haya, nimeacha kununa. Nimekukosa sana, nikikuambia kweli. Hata kuchokoza sina wa kumchokoza, wateja wangu wote hawana ucheshi.

Nimeficha la pili. Ndani hamna kitu cha mtoto, nakuapia. Ni kitu cha mtu mzima mwenye meno. Sasa sikiliza vizuri. Panda hadi juu kabisa penye mlingoti. Pana nguzo fupi ya saruji waliyoiacha wapima ardhi. Simama hapo, uelekee kibla, ushuke nao mteremko moja kwa moja. Utapita mawe yaliyopandana, halafu utakuta kisiki kilichoungua. Kopo limo ndani ya kisiki. Ukishikilia kibla huwezi kupotea hata ukungu ukikufunika blanketi.

Lakini nenda mapema. Vuli inakaribia, na mawingu ya Vuria hayana adabu, yanakuja bila hodi.

Kuhusu Januari sijasahau. Nanyamaza tu kwa sababu nimeambiwa ninyamaze.

Rashid


Voi,
30 Oktoba 1995

Kiema,

Niandikie. Nimengoja jibu lako mpaka nimechoka kwenda posta. Barabara ya kutoka Mwatate imezibwa na maporomoko ya udongo, hakuna gari linalopanda. Jumanne nilifika Mwatate nikakaa juu ya vitambaa vyangu nikiangalia milima imefunikwa kote. Mtu mmoja alishuka kwa miguu kutoka juu, akasema kuna mwalimu alipotelea Vuria kwenye mvua ya mawe, na wanakijiji walikwenda kumtafuta. Nikamuuliza jina, hakulijua. Nikamuuliza kama ni mrefu, akasema walimu wote kwake ni warefu.

Nilirudi nyumbani. Mwanaesha alinikuta nimekaa nyuma ya kaunta nalia, duka liko wazi. Ndipo akaniambia habari za nywele. Usimlaumu, alinificha vizuri hadi hapo. Kiema, sikujua. Wallahi ningalijua, nisingalizikata zile tepe. Nimekaa nikizichoma ncha kwa kiberiti na kujiona mwerevu.

Kama umeumia kwa sababu ya kopo langu, basi mimi ndiye niliyekutuma. Ulikuwa ndani na redio yako, salama, nikakutoa nikakupeleka kwenye ukungu kwa mchezo wa watoto. Na Mutindi amebakiwa na wewe tu.

Niandikie mstari mmoja. Hata wa kunitukana.

Rashid


Wundanyi,
2 Novemba 1995

Ndugu yangu Rashid,

Ni mimi, mzima. Kifundo cha mguu kilivimba lakini sasa navaa kiatu. Mwalimu aliyepotea ndiye huyu, ila wanakijiji waliokwenda kumtafuta walimkuta ameketi jikoni kwa mtu akinywa uji. Barua yako imeletwa leo na mtu wa posta aliyepanda kwa miguu, nayo hii itashuka naye.

Nilifuata maneno yako yote. Nilifika kwenye nguzo ya saruji jua likiwaka, nikasimama, nikaelekea mashariki, nikashuka. Mawe yaliyopandana sikuyaona. Kisiki sikukiona. Nikasema labda ni mbele kidogo, nikaendelea. Ukungu ukaja, nikajiambia, shikilia kibla kama Rashid alivyosema, nikashikilia. Mvua ya mawe ilinikuta kwenye mteremko mtupu hauna hata kichaka. Nilijifunika kichwa kwa mikono nikateleza, nikabingirika, nikasimamishwa na ukingo wa shamba la kabichi la mtu.

Mwenye kabichi ni Elijah, mkulima wa umri wetu. Alinisikia nikiita akaja na gunia kichwani, akanishika kwapani hadi jikoni kwake. Mkewe anafanya kazi ya upishi Mombasa, huja mwisho wa mwezi. Elijah anakaa na mabinti zake watatu, na siku hiyo ilikuwa Jumamosi, siku ya kuosha vichwa kwa ajili ya kanisa.

Nilikaa kando ya moto mguu wangu ukiwa ndani ya karai la maji, nikamtazama. Sijaona mtu anayesuka vibaya namna ile. Mistari ilikuwa inakwenda kushoto, inabadili nia, inarudi kulia. Mkubwa alikuwa analalamika, wa pili analia kabla ya kuguswa, na yeye anawaimbia wimbo wa kanisa huku ameshika kitana kwa meno. Akaona ninavyomtazama. Akacheka, akaniambia, "Mwalimu, mimi hawa nawaharibu tu. Mama yao akija anarekebisha."

Nikamwambia kwangu hakuna wa kurekebisha. Sijui kwa nini nilimwambia mtu nisiyemjua. Nikamwambia yote, Rashid, kuhusu Nduku, kibao, mkasi, Kibwezi, huku mabinti wanasikiliza. Aliendelea na mstari wake hadi mwisho. Kisha akasema, "Basi za kwako zitabaki zimeharibika. Si ugonjwa."

Akamchukua yule mdogo, akamkalisha kati ya magoti yangu, akanipa kitana. Sikuulizwa. Nilisuka msuko mmoja kwa muda ambao uji ulipoa na kupashwa moto tena. Mtoto aliugusa, akaenda kuwaonyesha dada zake, wote wakacheka mpaka wakakaa chini. Nami nikacheka. Nilishtuka kusikia sauti yangu, ilikuwa muda mrefu sijaisikia ikifanya hivyo.

Nilikaa kwao mpaka mguu ulipoweza kukanyaga. Shule zikifungwa nitakwenda Kibwezi. Simwachii Mutindi mtu mwingine, wala nywele zake. Mwambie Mwanaesha.

Wako,
Kiema

Nimesahau. Kopo umelificha wapi hasa? Kila mtu anajua Waislamu mnasali kuelekea mashariki, na upande wote wa mashariki nimeupima kwa makalio yangu.


Voi,
12 Novemba 1995

Kiema, ewe Kiema,

Mashariki? Nani alikuambia mashariki? Maka iko kaskazini mwetu, na kibla ya Voi na Wundanyi ni kaskazini. Miaka yote hii umekaa dukani kwa babangu, umekula futari nyumbani kwetu, umeningoja nimalize kusali ili twende kucheza mpira, na hukujua naangalia wapi?

Mwanaesha amecheka mpaka amejishika mbavu, kisha akanigeukia mimi. Amesema kosa ni langu. Kwetu kila kitu ni kibla. Bibi yangu alikuwa akisema chumvi iko kibla ya sufuria, mbuzi amefungwa kibla ya choo, na mimi nimekua nikidhani dunia nzima inajipima hivyo. Haikunijia akilini kwamba mtu anaweza kusimama juu ya mlima hajui kibla iko wapi. Kwa hiyo tugawane kosa, wewe nusu, mimi nusu, na goti langu linisamehe.

Kopo bado liko kwenye kisiki na kashata za nazi alizopika Mwanaesha. Bila shaka kima wameshakaribishwa. Waache.

Nimeisoma barua yako kwa sauti, mpaka pale uji ulipopashwa tena, nikashindwa, Mwanaesha akamalizia. Nimefikiri hivi. Ungalijua kibla ungalipata kashata, ukarudi nyumbani ukafunga mlango, ukaniandikia tena kuhusu sisimizi. Sijui niseme nini zaidi. Nimefurahi kwamba hukujua, na nimeogopa sana, na vyote viwili viko kwangu mpaka sasa.

Ukienda Kibwezi, mama mkwe wako mpe heshima zake zote, lakini usitume mtu akusemee. Kasimame mwenyewe.

Rashid


Wundanyi,
18 Desemba 1995

Kwa Rashid na Shemeji Mwanaesha,

Mutindi yuko nyumbani. Mtatusamehe kwa kupita Voi bila kuja kuwaona. Tulibadilisha gari pale stendi, nikamwonyesha duka kwa mbali. Alivuta kitambaa chake kichwani akaniambia twende nyumbani kwanza. Nikamtii.

Kibwezi nilifika mchana. Mama mkwe alinisikia nikisalimu, akaingia jikoni, nami nikakaa kwenye kigoda nje, nikiwa nimeupa ukuta mgongo. Tulizungumza hivyo, yeye ndani, mimi nje, bila kuonana. Niliomba radhi. Nilisema nimekuja kumchukua mtoto, na kwamba sijui kusuka lakini nitasuka. Nikasikia anachochea moto. Kisha akasema, "Nimejaribu kumfungua mara mbili. Kila mara ananiambia, zitafunguliwa nyumbani."

Aliendelea mwenyewe. Alisema amekuwa akizipaka mafuta juu juu na kuzifunika, asimlazimishe. Alisema na yeye pia alikuwa akiziangalia. Ni mkono wa binti yake ule. Sikuwa nimewahi kulifikiria hilo, Shemeji. Miezi yote nilidhani ni mimi na Mutindi tu. Nilipoondoka alitoa mkono kwenye mlango wa jikoni, mkono tu, umeshika chupa ya mafuta na mfuko wa maembe. Nikavipokea kwa mikono miwili.

Mutindi alikuwa nyuma ya nyumba na watoto wa jirani. Aliponiona hakukimbia kuja. Alimaliza mchezo wake kwanza, akajipangusa miguu, akaja akasimama mbele yangu akaniuliza kama nimekuja na mfuko. Nikamwambia nimekuja na mfuko mtupu wa kutilia nguo zake. Akaenda kuzileta.

Jana Jumapili, baada ya kanisa, jua likiwa zuri, nilitoa kibao nje ya jiko. Alikitazama. Nikamwambia tunaweza kungoja. Akasema hapana, kichwa kinamwasha. Akakaa, akashika magoti kama siku ile, nami nikashika mkasi. Akaniuliza, "Mama alianzia wapi?"

Nikamwambia alianzia mbele, juu ya kipaji, akaenda nyuma.

"Basi wewe anzia nyuma."

Nikaanzia nyuma. Nilikata uzi kidogo kidogo, nikalainisha kwa mafuta ya susu yake, nikafumua kwa vidole. Mahali pengine zilikuwa zimeshikana ikabidi nikate, na kila mara nilimwonyesha kabla ya kukata. Ukungu ulishuka tukahamia barazani, ukaondoka tukarudi juani, ukashuka tena tukauacha ushuke. Alinisimulia habari za Kibwezi, za punda, za msichana aliyemeza kifungo. Mara mbili alilia, si kwa maumivu. Mimi nililia mara nyingi kuliko hizo, nikiwa nyuma yake, na nadhani alijua, maana alikuwa akinyamaza mpaka nimalize, kisha anaendelea na punda wake.

Tulipofika mbele ulibaki msuko mmoja, ule wa kwanza wa mama yake. Nilipounyoshea mkono aliushika. Hakuushika kwa hofu. Aliushika tu kama mtu anavyoshika kitu chake.

"Huu nitaufungua mwenyewe," akasema.

Nikamuuliza lini. Akasema akiwa mkubwa kidogo.

Nikauacha. Nilimwosha, nikauzungukia, nikamsuka nywele zingine zote, na zimepinda kila upande, Rashid, ukiziona utafikiri Elijah alikuwa hapa. Katikati yake umesimama huo mmoja wa Nduku, umenyooka. Alijitazama kwenye kioo muda mrefu, akasema sawa. Januari ataanza darasa la kwanza hapa Wundanyi, na atakwenda na kichwa hicho.

Kiema